Ukulele ya Bei Gani Inatosha?



Juma lililopita, mzee mmoja, mwalimu mstaafu, alinisubiri nje baada ya Misa ya pili. Mfukoni mwa shati alikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne, na kabla ya kuifungua alitazama huku na huku kama mtu aliyebeba kosa. Ndani yake mliandikwa bei tatu, kwa mwandiko uleule mzuri wa ubaoni: dola 70, dola 320 na dola 1,400. Zote zilikuwa bei za ukulele.

Alinieleza kwamba amepiga gitaa tangu alipokuwa chuo cha ualimu, lakini sasa vidole vimeanza kukakamaa, na nyuzi sita za chuma zimemshinda. Ukulele ina nyuzi nne tu, laini, na shingo fupi. Aliwahi kuishika ya mgeni mmoja, akapiga kwa nusu saa bila maumivu. Binti yake anayefanya kazi Marekani atakuja likizo Desemba, na amemwambia achague, atamletea. Mzee hataki zawadi. Anataka kulipa mwenyewe kutoka katika akiba yake.

“Padri,” akasema, “ninayoitamani ni ile ya tatu. Lakini karibu shilingi milioni tatu na nusu kwa kigitaa cha nyuzi nne! Watu watasema nimechanganyikiwa.”

Sikumjibu siku ile. Nilimwomba anipe juma moja, na sababu yake nataka kuwaambieni wazi, kwa maana katika jambo hili nina deni.

Miaka kadhaa iliyopita, binti mmoja wa sekondari aliniuliza swali hilohilo, ila yeye alianzia upande wa pili. Alikuwa na fedha kidogo alizodunduliza, akataka kujua anunue ukulele ya namna gani. Mimi, ambaye sikuwa nimewahi kuishika ala hiyo, nilimjibu upesi kama wafanyavyo watu wasiojua: nunua ya bei ya chini kabisa, ukishaweza utanunua nzuri. Nikampa na methali juu yake: mchagua jembe si mkulima. Akanunua moja ya rangi ya kung'aa, iliyokuwa ikiuzwa pamoja na vitu vya kuchezea watoto. Alijitahidi kwa miezi miwili, kisha akaiweka kando. Nilipomuuliza, alisema kwa upole, “Sina kipaji.” Nami nikakubali.

Muda mrefu baadaye, mpiga gitaa mmoja wa kwaya aliiokota ile ukulele, akalinganisha nyuzi zake kwa uangalifu, akabonyeza vidole vitatu na kupiga. Sauti ilitoka imepotoka. Akalinganisha tena, akapiga tena, ikapotoka vilevile. Nyuzi zilisimama juu mno ya shingo, na vile vipande vyembamba vya chuma vinavyokatiza shingo, ambavyo wapigaji huviita freti, havikukaa mahali pake. “Hata mimi siwezi kuipiga hii,” akasema. Binti yule alikuwa amekwisha kwenda chuoni, wala haimbi tena. Hakukosa kipaji. Ala ilimdanganya, naye akaiamini kuliko alivyojiamini mwenyewe. Na aliyemwelekeza kwenye ala hiyo ni mimi.

Ndiyo maana safari hii sikutaka kumjibu mwalimu wangu mlangoni. Nimesoma, nimeuliza wanaojua, na haya ndiyo niliyoyapata.

Kwanza, tuitambue ala yenyewe. Ukulele ni ya Hawaii, lakini mizizi yake iko Madeira, kisiwa cha Ureno. Mwezi Agosti 1879 meli iitwayo Ravenscrag ilitia nanga Honolulu ikiwa na watu zaidi ya 400 kutoka Madeira, waliokuja kufanya kazi katika mashamba ya miwa. Miongoni mwao walikuwamo maseremala watatu: Manuel Nunes, Augusto Dias na José do Espírito Santo. Kwao Madeira kulikuwa na kigitaa kidogo cha nyuzi nne kilichoitwa machete. Katika miaka iliyofuata mafundi hao walifungua karakana zao mjini Honolulu, wakaanza kutengeneza ala ndogo kwa mbao za koa, mti ambao kwa asili huota Hawaii peke yake. Mfalme Kalākaua aliipenda ala hiyo, akaikaribisha katika karamu za ikulu. Tazameni basi: chombo kilichokuja na vibarua wa miwa kilipigwa mbele ya mfalme bila kubadilisha umbo lake la unyenyekevu.

Mwaka 1915, katika maonyesho makubwa ya kimataifa yaliyofanyika San Francisco, Wamarekani wengi waliisikia kwa mara ya kwanza, wakaipenda mno. Mwaka 1916 kampuni ya Martin ya Pennsylvania, iliyojulikana kwa magitaa, ilianza kuziuza ukulele zake. Mwaka huohuo Samuel Kamaka alianzisha karakana yake Honolulu, ambayo hadi leo imo mikononi mwa ukoo wake. Ukulele ya koa kutoka karakana kama hiyo huuzwa zaidi ya dola 1,000, na bei ya tatu katika karatasi ya mwalimu ilikuwa ya jamii hiyo.

Sasa tujiulize: fedha hizo zinalipia nini? Nimeona kwamba zinalipia mambo matatu, tena kwa mpangilio.

Jambo la kwanza ni ukweli wa sauti. Freti zikae mahali pake barabara. Kile kipande kidogo kilicho juu ya shingo, chenye mifereji ya kupitishia nyuzi, kichongwe kwa kina kinachofaa, maana mifereji isipofika chini, kila unapobonyeza karibu nacho sauti hupanda kuliko inavyotakiwa. Nyuzi zisisimame juu mno. Zikizidi sana milimita 3 juu ya freti ya 12, mkono utateseka. Funguo za kukazia nyuzi zishike, zisilegee katikati ya wimbo. Mambo haya hayahitaji mbao za thamani. Yanahitaji kipimo sahihi na fundi makini.

Ushahidi wa neno hili ni Mario Maccaferri, fundi wa magitaa mzaliwa wa Italia, aliyehamia Marekani. Mwaka 1949 alianza kutoa ukulele za plastiki, akaziuza kwa dola 5.95 tu. Zilinunuliwa kwa mamilioni. Zilikuwa za plastiki, naam, lakini mtu aliyezibuni alijua freti hukaa wapi, na watoto wengi walijifunzia ala hiyo. Kwa hiyo rahisi si lazima iwe mbaya. Ubaya huja pale mtengenezaji anapouza umbo la ala huku akijua kwamba ala yenyewe haimo.

Jambo la pili ni mbao. Ukulele za bei ya chini hutengenezwa kwa mbao za tabaka, yaani plaiwudi: karatasi nyembamba za mbao zilizogandishwa pamoja kwa gundi. Zile za bei ya kati na ya juu huwa na uso wa ubao mzima usio na tabaka, wenye unene wa takriban milimita 2, na nyingine ni za mbao nzima pande zote. Uso huo ndio unaotikisika na kuisukuma hewa. Ubao mzima uliochongwa vema hutikisika kwa uhuru zaidi, na sauti huwa pana na hudumu kidogo kabla ya kuzimika. Hapa sikio la kawaida hutambua tofauti, si la mtaalamu peke yake.

Lakini ubao mzima una masharti yake. Unapenda hewa ya unyevu wa kati, kama asilimia 45 hadi 55. Sisi tunaoishi karibu na bahari hewa yetu ni nzito kuliko hapo. Ubao hunywa maji, uso huvimba na nyuzi hupanda. Ukiipeleka ala hiyohiyo bara wakati wa kiangazi, au katika nyumba ya Marekani inayopashwa moto wakati wa baridi, hukauka na huweza kupasuka. Ukiiacha ndani ya gari juani, gundi hulegea. Anayenunua ubao mzima ajue kwamba amenunua pia wajibu wa sanduku gumu na uangalizi wa kila siku. Ukulele ya plaiwudi iliyotengenezwa vizuri huvumilia zaidi, na si aibu kuwa nayo.

Jambo la tatu ni uzuri, jina, na muda wa fundi. Usione vyaelea, vimeundwa. Koa yenye mawimbi ya dhahabu ni adimu. Fundi wa Honolulu hulipwa ujira wa Honolulu. Pembe hupambwa, uso hung'arishwa kwa siku nyingi. Hayo yote ni halali, na mfanyakazi anastahili malipo yake. Ila tuseme kweli: ukulele ya dola 1,400 haitoi sauti iliyo bora mara nne kuliko ya dola 320. Kutoka dola 30 hadi dola 100 unavuka bonde. Kutoka dola 100 hadi 350 unapanda kilima. Kutoka hapo na kuendelea unatembea juu ya tambarare, na kila hatua ina gharama kubwa kuliko iliyotangulia.

Baada ya kuyapima haya, maoni yangu ni haya: lipa bila kusita mpaka pale ala inapoacha kukudanganya. Zaidi ya hapo, lipia kile tu ambacho masikio yako mwenyewe yanakisikia.

Sehemu ya kwanza ya neno hilo inawahusu wazazi na vijana. Anayeanza atenge, kwa kadiri ya hali yake, kama dola 60 hadi 120, anunue ya plaiwudi ya ukubwa unaomfaa. Ile ndogo kabisa iitwayo soprano ina nyuzi zenye urefu wa takriban sentimita 34, ya konsati 38, na ya tena 43. Mwenye vidole vinene asijilazimishe kwenye soprano. Kabla ya kutoa fedha aibonyeze kwenye freti ya 12, ambayo ipo katikati kabisa ya uzi. Sauti inapaswa kuwa ileile ya uzi ulio wazi, ila juu kwa oktava moja. Ikipotoka, airudishe mahali ilipokuwa. Kisha atenge kiasi kidogo kwa ajili ya nyuzi mpya na kwa fundi wa kushusha nyuzi zilizosimama juu. Hesabu ya ala haiishii kwenye bei iliyobandikwa dukani. Na kama fedha hazifiki hapo, nashauri asubiri miezi mitatu kuliko kununua kitu kitakachomwambia kwamba hana kipaji. Hili nalisema kwa majuto.

Sehemu ya pili inawahusu wale wenye uwezo. Hapa hatari ni tamaa ya kununua ustadi dukani. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini hata kizuri, kikiwa katika picha zenye mwanga mzuri, huweza kujitembeza mpaka usiku wa manane tukiwa macho mbele ya kompyuta. Mtu huanza kutafuta ya dola 200, akasoma sifa za ya 400, kisha ya 900, na kila mara huona aibu ya kubaki chini. Dawa yake ni moja: aandike kiasi chake kabla hajaanza kutazama, akiwa ametulia, akiwa amekwisha lipa ada, kodi na madeni. Asikope kwa ajili ya ala. Asichukue cha nyumba nzima kwa ajili ya furaha ya mmoja bila kuwauliza wa nyumba hiyo. Na ajipime kwa maswali haya: je, ninayo tayari moja, na nimeipiga mpaka nikajua inakoishia? Je, nitaipiga hii juma lijalo, au nitaitazama? Je, mjukuu akinyosha mkono, nitamwachia aishike?

Najua wapo watakaosema kwamba fedha zote zinazozidi mahitaji ni haki ya maskini, na kwamba swali lenyewe ni la anasa. Siwadharau. Lakini tukumbuke yule mama wa Bethania na marhamu yake iliyokadiriwa dinari 300, na ni nani aliyelalamika kwa jina la maskini. Kitu kizuri kilichotumiwa kwa upendo si wizi. Wizi huanza pale kizuri kinapofungiwa kabatini huku mtoto wa jirani akikosa hata kuisikia sauti yake. Ukulele ya dola 1,400 inayopigwa kila jioni uani ina bei ndogo kuliko ya dola 70 iliyotupwa chini ya kitanda.

Basi nilimrudia mwalimu wangu nikiwa na jibu. Nilimwambia kwanza kwamba hajachanganyikiwa. Hana deni, watoto wamesoma, paa la nyumba ni zima, na mikono yake imepiga kwa zaidi ya miaka arobaini. Yeye si mwanafunzi wa kuambiwa aanze na ya dola 70. Nilimwambia pia kwamba kijana anaweza kungoja miaka kumi apande ngazi polepole, lakini mtu ambaye vidole vyake vinakakamaa hana haki ya kuwa mchoyo kwa jioni alizobakiwa nazo.

Kisha nikamwuliza, “Ile ya tatu, umewahi kuisikia?”

Akanyamaza. Alikuwa ameiona katika picha tu.

Hapo ndipo nilipoona kosa, nalo halikuwa katika bei. Kulipia kile kinachosikika na sikio la mtu mwingine, hata kama ni binti yako, ni sawa na kuoa kwa picha. Na simu haiwezi kumsaidia, maana simu haibebi kile hasa ambacho anataka kukilipia. Basi nilimshauri hivi: Desemba aletewe ya dola 320, yenye uso wa ubao mzima, ya ukubwa wa tena ili vidole vipate nafasi, pamoja na sanduku gumu, na binti ahakikishe kwamba fundi ameshusha nyuzi kabla ya safari. Ala hiyo haitamdanganya. Aipige kila siku. Mwezi Juni mwenyewe anatarajia kusafiri kwenda kumwona mjukuu; siku hiyo aingie dukani na ukulele yake mkononi, aishike ile nyingine, afumbe macho, azipige zote mbili kwa wimbo uleule. Akisikia jambo ambalo hawezi kulisahau, alipe na asimwombe mtu radhi. Asiposikia, arudi nyumbani na ala yake na akiba yake, wala asione kwamba amepungukiwa.

“Na kama nitasikia?” akaniuliza.

“Ukisikia, ile ya kwanza usiiuze,” nikamjibu. “Iazime kwaya ya vijana.”

Alicheka, akatoa ile karatasi. Sikumwona akifuta bei yoyote. Pembeni mwa ile ya kati aliandika “Desemba”, na pembeni mwa ile ya tatu akaandika “Juni” na alama ya kuuliza, kama alivyokuwa akifanya kwenye madaftari yetu. Kisha akaikunja tena mara nne.

Nami nimemwandikia barua yule binti aliyeko chuoni. Nimemweleza kilichokuwa kibaya katika ukulele yake, na kwamba kipaji chake hakikuwahi kupimwa kwa haki. Sijui kama atataka kujaribu tena. Nimemwambia tu kwamba, akitaka, safari hii nitakwenda naye dukani, na nitaanza na freti ya 12.

Nawatakieni juma jema. Tukutane tena juma lijalo.